Port Bell, Stesheni Ndogo Ukingoni mwa Ziwa

Mtu atokaye Kampala akashuka upande wa Luzira, baada ya mwendo wa yapata maili 7 hufika mahali ambapo njia ya reli yakoma na maji ya Ziwa Viktoria yaanza. Hapo ndipo Port Bell. Wengi walijuao jina hilo wamelisoma kwenye chupa ya bia, kwa maana kiwanda cha bia kipo karibu. Wachache wafahamu kuwa stesheni hii ndogo ilipata kuwa mlango wa nchi nzima ya Buganda.

Wasikilizaji wetu watakumbuka kwamba reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda, nayo haikufika Kampala. Mwezi wa Desemba 1901 ilifika Kisumu, ikakomea ziwani. Toka hapo abiria na mizigo walipanda stima. Basi upande wa pili wa ziwa palitakiwa bandari iliyo karibu na Kampala, na mahali palipochaguliwa ni Luzira. Pakapewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyekuja Uganda mwaka 1906 kuwa mkuu wa serikali.

Hapa twapenda kutua kidogo. Miaka ile ile bandari ilipokuwa ikitafutwa, watu wa ukingoni walikuwa wakihamishwa. Ugonjwa wa malale, ulioenezwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na Bell ndiye aliyeamuru wenyeji waondolewe kando ya ziwa. Wavuvi waliacha mitumbwi yao na makaburi ya wazee wao. Amri ile iliokoa maisha ya wengi, lakini tusidhani ilikuwa nyepesi kwa waliohama.

Kwa muda mizigo ya Port Bell ilipelekwa Kampala kwa njia ya barabara, na mabega ya wapagazi yalifanya sehemu kubwa ya kazi. Kisha, kati ya 1911 na 1915, ikajengwa reli ya kuunganisha bandari na mji. Ilikuwa reli ya ajabu kidogo, maana haikuungana na reli nyingine yoyote. Vyuma vyake, mabehewa yake na garimoshi lenyewe vililetwa kwa stima, kama sukari na chumvi.

Faida ilionekana upesi, kwa sababu wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kulima pamba tangu mbegu zilipoletwa mwaka 1903 na 1904. Lakini fikirini taabu ya robota moja la pamba. Lilipakiwa kwenye behewa Kampala. Likashushwa Port Bell na kutiwa katika stima. Likashushwa tena Kisumu na kupakiwa behewani. Likafika Mombasa, likashushwa mara ya tatu, ndipo likaingia merikebuni. Kila mara makuli waliliinua kwa mikono, na kila mara gharama iliongezeka. Mwenye kulipa mwishoni alikuwa ni mkulima, kwa kupunguziwa bei ya pamba yake.

Ndiyo sababu serikali ilitaka reli isiyokatizwa na maji. Njia mpya ilitoka Nakuru, ikapita Eldoret na Tororo, na mwaka 1931 ikavuka Mto Nile huko Jinja juu ya daraja la chuma, ikaingia Kampala. Tangu hapo robota liliweza kutoka Kampala mpaka Mombasa bila kuguswa njiani. Twaona ilikuwa haki daraja lijengwe. Hata hivyo, Port Bell iliyokuwa mlango mkuu ikawa mlango wa uani.

Uhai wake ulirudi kwa njia isiyotazamiwa. Katika miaka ya 1960 zililetwa meli mbili, Umoja na Uhuru, zenye reli juu ya sitaha, hata mabehewa yakaweza kuingizwa melini pamoja na shehena yake. Taabu ya makuli ikaisha. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ilibaki Tanzania na Uhuru Kenya. Uganda ikabaki na gati tu. Baadaye ilinunua meli zake tatu, Kabalega, Kaawa na Pamba. Mwezi wa Mei 2005 Kabalega iligongana na Kaawa ziwani, ikazama, na baada ya hapo kazi ya Port Bell ilififia sana.

Mwaka 2018 Umoja ilivuka tena kutoka Mwanza. Mabehewa yakavutwa kutoka melini hadi gatini, yakashika njia ile ile ya maili 7 kwenda Kampala.