Dushi ya umeme nyumbani: namna ya kuchagua ile inayofaa

Miji ya Goma na Bukavu iko karibu meta 1 500 juu ya bahari, na asubuhi maji ya robine yanauma mwili. Ndiyo sababu dushi za umeme zinatafutwa sana katika maduka ya vyombo vya umeme. Wanunuzi wengi wanaangalia beyi na sura tu. Lakini dushi ni chombo ambacho mtu anasimama chini yake bila nguo wala viatu, mwili umelowana, na juu ya kichwa kuna waya wa volti 220. Kabla ya kuchagua chombo, mwenye nyumba inapashwa kwanza ajue mambo matatu: umeme unaoingia kwake, latere ya nyumba, na maji yake.

Aina tatu zinazouzwa

Ya kwanza ni kichwa cha dushi chenye rezistansi ndani, aina iliyoenea sana Brazili. Ni ya beyi ndogo, na maji yanapata moto wakati yanapita. Nyingi zinakula kati ya wati 3 500 na 5 500. Katika zile za beyi ya chini kabisa, rezistansi iko wazi, na maji yanaigusa.

Ya pili ni shofo ndogo ya ukutani, isiyoweka akiba ya maji. Nayo pia inapasha maji yakiwa yanapita, lakini mara nyingi rezistansi yake imefunikwa. Inakula umeme sawa na ya kwanza, ao kupita.

Ya tatu ni baloni, ni kusema tanki iliyofunikwa vizuri ili joto lisitoke, ya litre 30, 50 ao 80. Inapasha maji pole pole na kuyachunga. Nyingi za ukubwa huo zinakula wati 1 500 tu ao 2 000.

Umeme unaoingia nyumbani

Hesabu ni rahisi: gawanya wati kwa volti, utapata amperi. Dushi ya wati 5 500 kwenye volti 220 inavuta amperi 25. Baloni ya wati 1 500 inavuta karibu amperi 7. Nyumba yenye disjonkteri ya amperi 10 haiwezi kubeba dushi hiyo hata taa zote zikizimwa. Baloni itaweza, kama hawapiki kwa umeme saa ile ile.

Shida ya pili ni voltaji inayoshuka mangaribi, wakati kila nyumba inawasha. Voltaji ikishuka, nguvu ya rezistansi inashuka mbio kuliko voltaji yenyewe. Kwenye volti 160, dushi ya wati 5 500 inabakia na karibu 2 900 tu. Na kupasha litre 3 kwa dakika, kutoka digrii 20 mpaka 40, kunaomba karibu wati 4 200. Kwa hiyo mtu ataoga maji ya vuguvugu, ao atafunga robine mpaka maji yatoke kama uzi.

Baloni inaumia pia, lakini si sawa. Kwa volti 220, litre 50 zinatoka digrii 20 mpaka 60 kwa saa moja na nusu. Kwa volti 160 itachukua karibu saa tatu, lakini mwishoni maji yatakuwa moto. Tena unaweza kuiwasha saa ambayo umeme iko na nguvu, na kuoga hata kama umeme umekatika. Litre 50 za digrii 60, zikichanganywa na maji baridi, zinatoa karibu litre 100 za kuoga: familia ya watu wanne ao watano.

Kuhusu feza, wengi wanafikiri baloni inakula umeme kupita dushi. Kupasha litre moja kunaomba umeme ule ule, chombo chochote kiwe. Dakika 10 chini ya dushi, litre 30, ni karibu kilowati-saa 0,7. Kinachoongeza deni ni kukaa ndani muda mrefu, ao kuacha baloni imewashwa mchana kutwa wakati hakuna mtu wa kuoga.

Latere juu ya mawe ya volkano

Latere ni waya unaopeleka ndani ya udongo umeme uliopotea njia. Bila huo, rezistansi ikipasuka, umeme unapita ndani ya maji na kutafuta udongo kupitia mwili wa mtu. Haitaji umeme mwingi: hata chini ya sehemu moja ya kumi ya amperi inaweza kusimamisha moyo. Disjonkteri ya kawaida ya amperi 20 haioni kitu kidogo namna hiyo. Kinachoona ni diferansieli ya miliamperi 30, ambayo inakata mara moja.

Huko Goma kazi ya latere ni ngumu. Sehemu kubwa ya muji imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na ile lava ya 2002 ilipita katikati ya muji. Chuma cha latere hakiingii ndani ya jiwe, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Njia nzuri ni kuzika waya wa shaba usiofunikwa chini ya fondasio, mbele ya kumwanga beto. Kama nyumba imekwisha kujengwa, fundi anachimba mfereji mrefu, analaza waya humo, na kuujaza udongo mweusi ulioletwa kutoka pengine. Kisha anapima kwa kipimo cha latere. Akipata chini ya ohmu 100, kazi ni nzuri.

Kuna mambo mawili ya kukatalia fundi. Moja ni kufunga latere kwenye bomba la maji: mabomba mengi ni ya plastiki, na yale ya chuma yanaweza kupeleka hatari kwa jirani. Lingine ni kufunga latere kwenye waya wa netre: siku netre itakatika, dushi yenyewe itakuwa na volti 220.

Maji

Huko Goma, maji ya Regideso yanapompwa kutoka ziwa Kivu. Ziwa hilo liko na madini mengi yaliyoyeyuka ndani, na maji ya namna hiyo yanapitisha umeme kuliko maji ya mvua. Ndiyo maana rezistansi iliyo wazi haifai kule: umeme kidogo unavuja ndani ya maji kila siku. Mtu anasikia robine inamchomachoma vidole, ao diferansieli inaruka-ruka. Fundi mbaya anaondoa diferansieli ili «shida iishe». Hapo ndipo hatari inaanza. Chombo kinachorusha diferansieli kinatolewa, diferansieli inabaki.

Angalia pia nguvu ya maji. Tanki iliyowekwa meta mbili tu juu ya dushi inaweza kukosa nguvu ya kuwasha shofo ya ukutani. Na kama tanki inaisha wakati mtu anaoga, rezistansi ya kichwa cha dushi inaungua.

Nani achague nini

Nyumba yenye umeme wa kutosha, voltaji isiyoshuka, latere iliyopimwa na maji yasiyokatika inaweza kuchukua shofo ya ukutani yenye rezistansi iliyofunikwa. Kwa wati 5 500, fundi aweke waya wa milimeta 6 za mraba unaotoka moja kwa moja kwenye kofre, na disjonkteri yake peke yake ya amperi 32. Waya wa 2,5 unaotumika kwenye priza unaweza kupata moto kupita kiasi.

Nyumba yenye latere nzuri lakini umeme mdogo ao unaoshuka, na ndizo nyingi, ichague baloni ya litre 30 ao 50, waya wa 2,5 na disjonkteri ya amperi 20. Termosta iwekwe karibu digrii 60. Kigroupe cha usalama kilicho chini ya baloni kinatoa matone wakati maji yanapata moto: ni kawaida, wala kisizibwe hata siku moja, kwa sababu baloni inaweza kupasuka.

Kwa aina zote, diferansieli ya miliamperi 30 ni lazima, na kifungo chake cha kujaribu kibonyezwe kila mwezi. Swichi ya kuwasha iwekwe inje ya chumba cha kuogea.

Nyumba isiyo na latere isinunue dushi yoyote ya umeme kwanza. Feza hiyo ifanye latere. Wakati wa kungojea, maji yapashwe jikoni na kuchanganywa ndani ya ndoo. Na wale wanaotumia rezistansi ya kutumbukiza ndani ya ndoo wajue hii: inachomolewa kwenye priza kwanza, ndipo mkono unagusa maji. Watoto wasiachwe karibu nayo hata dakika moja.