Mfuko Mmoja, Sura Mbili: Kodi ya Mafao ya Likizo ya Familia Nchini Marekani

Mama mwajiriwa wa California akijifungua, hulipwa na mfuko mmoja kwa majina mawili. Kwa kawaida, wiki sita za mwanzo (nane akiwa amejifungua kwa upasuaji) hupewa fao la kutojiweza kwa muda, kwa kuwa mwili wake bado unapona. Wiki hizo zikiisha, anaweza kulipwa hadi wiki nane nyingine ili akae na mtoto. Hilo ndilo fao la likizo ya familia. Yote mawili hutokana na mchango uleule unaokatwa kwenye mshahara wake, ambao mwaka 2025 ulikuwa asilimia 1.2. Hata hivyo, serikali kuu hulitoza kodi ya mapato fao la pili na kuliacha la kwanza. Hoja yangu ni kwamba mpaka huo una msingi katika sheria lakini hauna msingi katika haki.

Sheria ya kodi ya Marekani inachukulia kila kinachomwongezea mtu mali kuwa ni mapato, mpaka pale sheria yenyewe inapotoa msamaha. Msamaha mmojawapo unahusu bima ya ajali na ugonjwa ambayo mtu ameilipia mwenyewe kwa fedha iliyokwisha kutozwa kodi. Kulea mtoto mchanga au kumuuguza mzazi si ugonjwa wa anayelipwa, hivyo msamaha haumfikii. Januari 2025 mamlaka ya kodi, IRS, kupitia uamuzi namba 2025-4, ilitamka kwamba mafao ya likizo ya familia yanayolipwa na mifuko ya majimbo ni mapato, hata pale fedha zilipotoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Kama usomaji wa sheria, sioni kosa.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Fao hili huziba pengo la mshahara, na mshahara hutozwa kodi. Mafao ya kukosa ajira nayo hutozwa yote tangu mageuzi ya mwaka 1986. Kwa nini basi anayelea asamehewe, ilhali jirani yake aliye kazini analipa? Ningeikubali hoja hii kama mchango wa mfanyakazi ungeondolewa kwanza kwenye hesabu ya kodi. Hauondolewi. IRS inasema mfanyakazi anaweza kuudai kama kodi aliyolipa kwa jimbo, lakini nafuu hiyo ni ya wale tu wanaoorodhesha matumizi yao moja moja katika ritani. Walipakodi walio wengi mno, hasa wa kipato cha chini, huchukua punguzo la jumla. Kwao mchango umeshatozwa kodi siku ya mshahara, na fao linatozwa tena siku ya kulea.

Liko pia jambo la utekelezaji, ambalo wanasheria hulipita haraka na familia hulihisi mfukoni. Kwa kuwa fao la familia ni mapato lakini halihesabiwi kuwa mshahara, hakuna ulazima wa kulikata kodi linapolipwa. Mama hupokea fedha kamili na kuzimalizia kwenye nepi, maziwa na kodi ya nyumba. Deni linamfikia mwaka unaofuata, wakati wa kuwasilisha ritani ya Aprili, naye pengine ameshasahau hata jina la fao lenyewe. California yenyewe hailitozi kodi fao hili.

IRS haiwezi kuurekebisha mpaka huo kwa tafsiri, wala haipaswi kujaribu. Ni kazi ya Bunge la Marekani kuupanua msamaha wa bima ya ugonjwa ufike kwenye bima ya malezi, kwa sehemu ile tu iliyolipiwa na mfanyakazi. Sehemu iliyotokana na mchango wa mwajiri iendelee kutozwa, kwa kuwa hiyo haijawahi kupita mikononi mwa mtoza kodi. Hapo ndipo mama wa California angelipwa wiki ya saba kwa masharti yaleyale ya wiki ya sita.