Subira ya Yitang Zhang, Mtu wa Namba Tasa

Pengine wewe ni mmoja wa wale waliomaliza masomo, vyeti vimejaa kwenye bahasha, na kila ofisi unayoingia waambiwa, "Nenda, tutakupigia simu." Simu haiji. Basi tulia kidogo ukisubiri adhana ya magharibi, nikupe habari za mwanahisabati mmoja wa China, Yitang Zhang.

Alizaliwa mwaka 1955 mjini Shanghai. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, yaliyoanza mwaka 1966, alipelekwa mashambani pamoja na mama yake, akalima kwa miaka mingi. Sekondari hakuiona. Hesabu alijisomea mwenyewe vitabuni, na mwaka 1978, akiwa na miaka 23, akaingia Chuo Kikuu cha Peking, Beijing. Kisha akaenda Marekani, na mwaka 1991 akapata shahada ya udaktari katika hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Purdue.

Hapo wewe ungesema, basi, maisha yamemnyookea. La! Kazi ya chuo hakuipata. Daktari mzima wa hesabu akawa anapeleka vyakula vya mkahawa na kushika daftari la mahesabu katika duka la mikate la Subway. Miaka ikapita hivyo hivyo. Mwaka 1999 ndipo alipopata kazi Chuo Kikuu cha New Hampshire, tena kama mhadhiri wa kawaida, si profesa.

Lakini kuna kitu hakukiacha: namba tasa. Hizi ni namba zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba hazina mwisho. Ila kadiri unavyopanda juu ndivyo zinavyokuwa adimu. Kutoka 1 hadi 100 ziko 25. Kutoka 1,001 hadi 1,100 ziko 16 tu. Hata hivyo, mara kwa mara utakuta mbili zimekaribiana: 11 na 13, 41 na 43. Je, mapacha hawa wanaendelea milele? Swali hili mtoto wa shule alielewa, na hadi leo hakuna aliyelithibitisha.

Mwaka 2005 wataalamu watatu, Goldston wa Marekani, Pintz wa Hungaria na Yıldırım wa Uturuki, walifika karibu sana na lango, lakini halikufunguka. Zhang akalifikiria jambo hilo peke yake kwa miaka. Julai 2012, akiwa kwa rafiki yake huko Colorado, alitoka uani kutazama kulungu. Kulungu hakuwaona, lakini njia ya kufungua lango ilimjia hapo hapo.

Aprili 2013 akapeleka kazi yake kwa jarida la Annals of Mathematics. Majarida kama hilo huweza kukaa na makala mwaka mzima na zaidi. Hii ilikubaliwa kwa wiki chache tu. Alithibitisha kwamba hata uende mbali kiasi gani, hutaacha kukutana na jozi za namba tasa ambazo pengo lake halifiki milioni 70. Utasema milioni 70 ni nyingi mno. Kweli, lakini kabla yake hakuna aliyeweza kuthibitisha kikomo chochote! Wengine wakapita njia aliyoifungua, na kufikia mwaka 2014 pengo likashuka hadi 246.

Zhang alikuwa na miaka 58. Mwaka 2014 akafanywa profesa kamili, mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na mwaka 2025 akarudi China kufundisha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen.

Kijana mwenzangu, sikuambii kwamba kila anayesubiri atakuwa Zhang. Husemwa subira yavuta heri, lakini subira yake haikuwa ya kukaa barazani akilaumu dunia. Mchana alitafuta riziki ya halali bila kuona haya, na ilimu yake hakuiacha ishike kutu. Nanyi wazazi, mwana akichelewa kufika, msimhesabu kuwa amepotea. Na wewe, hebu fungua ile bahasha: ndani yake mna kitu unachokipenda hata kama hakuna anayekulipa? Basi kishike, usikiache.