Wasiwasi na Maradhi ya Nafsi katika Watu wa Hadithi

Katika sehemu ya tano ya Macbeth, mchezo wa Shakespeare uliotungwa yapata mwaka 1606, tabibu amesimama gizani pamoja na mwanamke mmoja mhudumu. Wanamtazama mke wa mfalme akitembea katika usingizi wake, macho yamefumbuka, akisugua mikono kana kwamba ina damu isiyotoka. Tabibu anayaweka katika maandishi maneno anayoyasikia. Kisha anakiri kwamba ugonjwa ule umeipita elimu yake, na kwamba bibi yule anamhitaji kasisi zaidi kuliko mganga. Kwa miaka mia tatu ungamo hilo lilikuwa neno la mchezoni tu. Katika karne ya ishirini matabibu wa kweli walipanda jukwaani kutaka kulitangua. Habari za jitihada yao zastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa fasihi, kwa maana chini yake limelala swali zito: Je, mtu aliyeumbwa kwa wino aweza kuugua?

Jina la nurosisi lilitumiwa na tabibu Mskoti, William Cullen, mwaka 1769, naye alikusudia maradhi ya mishipa ya fahamu. Sigmund Freud wa Vienna aliligeuza likawa jina la mgogoro wa nafsi, na mwaka 1895 akapambanua aina moja ambayo alama yake kuu ni wasiwasi. Msemaji wa Kiswahili hapati taabu kufahamu tofauti iliyokusudiwa. Hofu ina kitu chake: mtu humhofu chui aliye mbele yake. Wasiwasi hauna chui. Neno lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, lina maana ya mnong'ono. Na mnong'ono husikika bila ya mnenaji kuonekana. Mwaka 1926 Freud alisema kuwa wasiwasi ni ishara ambayo nafsi hujipa yenyewe inapohisi hatari inakaribia. Basi kazi ya mchunguzi ni kuuliza hatari hiyo ni ipi, na kwa nini haina uso.

Mtu wa kwanza kuulizwa hivyo alikuwa Hamlet. Tarehe 15 Oktoba 1897, mwaka mmoja baada ya kufiwa na baba yake, Freud alimwandikia barua rafiki yake Wilhelm Fliess akamtaja Edipo wa Wayunani na Hamlet pamoja. Hoja aliichapisha katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto, kilichotoka mwishoni mwa 1899 kikiwa na tarehe ya 1900. Alisema kwamba Hamlet aweza kutenda kila jambo ila moja: kumwadhibu aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake, kwa kuwa muuaji huyo ametenda lile ambalo utoto wa Hamlet ulilitamani kwa siri. Ernest Jones aliikuza hoja hiyo katika makala ya 1910 na kitabu cha 1949, na Laurence Olivier akaingiza alama yake katika filamu ya 1948.

Walakini nguzo moja ya jengo hilo ilikuwa dhaifu. Freud aliegemea habari kwamba mchezo ulitungwa karibu na kifo cha baba yake Shakespeare, mwaka 1601. Lakini mwaka 1930 aliongeza maelezo ya kukiri kwamba hasadiki tena kuwa mtu wa Stratford ndiye mtungaji, na baadaye akamwelekea Edward de Vere, aliyefiwa na baba yake mwaka 1562 akiwa mtoto. Wataalamu wengi wa Shakespeare hawakumfuata. Hata hivyo tukio hilo lina fundisho. Mwenye kueleza ugonjwa wa mhusika kwa maisha ya mtungaji ajenga nyumba yake juu ya kiwanja cha watu wengine.

Mwaka 1916 Freud alirudi kwa mke wa Macbeth. Alikuwa akiandika juu ya watu waangukao ugonjwani pale hasa wanapofanikiwa, akashangaa jinsi mwanamke aliyekuwa jabali kabla ya kuua alivyovunjika baada ya kupata taji. Alidhani jibu li katika utasa: aliyemwaga damu ya baba ameadhibiwa kwa kunyimwa uzazi. Lakini aliona kikwazo. Katika tarikhi ya Holinshed, alimochota Shakespeare, miaka kumi yapita kati ya mauaji ya mfalme na dhuluma zilizofuata. Katika mchezo zapita siku chache tu, na utasa hauthibitiki kwa juma moja. Hapo Freud alikiri kwamba ameshindwa. Akageukia rai ya Ludwig Jekels, kwamba mume na mke hao ni nafsi moja iliyopasuliwa vipande viwili: hofu zinazochipuka kwa mume usiku wa mauaji zinazaa matunda kwa mke. Rai hiyo ni bora kuliko ya kwanza, kwani inatoka katika mpango wa mchezo, haitafuti utoto ambao mtungaji hakuuandika.

Kosa la kutafuta yasiyoandikwa lilikemewa na L. C. Knights mwaka 1933, alipowacheka wenye kuhesabu watoto wa mke wa Macbeth. Karipio lake lilikuwa la haki, lakini halikufunga mlango. Karen Horney, aliyehama Ujerumani kwenda Marekani mwaka 1932, alifundisha kwamba nurosisi yaweza kutambuliwa katika mwenendo wa sasa: mtu mwenye wasiwasi huwakimbilia watu, huwashambulia, au huwaepuka. Mwendo waonekana kurasani; utoto si lazima ubuniwe. Juu ya msingi huo Bernard Paris alitoa mwaka 1974 kitabu kilichowachunguza wahusika wa Stendhal, George Eliot, Dostoevsky na wengineo.

Mtu wa Martinique alileta swali lililo karibu zaidi na Afrika. Mwaka 1952 Frantz Fanon, tabibu wa akili, alimchunguza Jean Veneuse, mhusika wa riwaya ya René Maran ya 1947. Alimwona kuwa mgonjwa wa hofu ya kuachwa, atumiaye rangi yake kuwa udhuru wa jeraha la zamani. Lakini katika kitabu kile kile Fanon alishikilia kuwa kuna maradhi ambayo chanzo chake si mtu bali jamii, nayo hayaponi kwa kumlaza mtu kitandani na kumhoji.

Kipimo hicho chafaa kuchukuliwa na msomaji wa Kiswahili, aliyeipata Makbeth ya S. S. Mushi mwaka 1968 na kisha riwaya za Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika ya 1971 binti hulelewa kwa ukali wa baba. Apatapo uhuru, uhuru wamwangamiza. Katika Kichwamaji ya 1974 Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, ateswa na maswali juu ya maisha hata ajiua. Kusema kwamba wawili hao walikuwa wagonjwa na kuishia hapo ni kuifutia nyumba ya Rosa lawama, na kuyafanya maswali ya Kazimoto kuwa homa. Vivyo hivyo, kuyaita majuto ya mke wa Macbeth maradhi matupu ni kumsahau mfalme aliyechinjwa kitandani.

Mwaka 1980 chama cha matabibu wa akili wa Marekani kiliacha kuitumia nurosisi kuwa fungu kuu la kupangia maradhi. Jina la ugonjwa limezeeka, wahusika hawakuzeeka. Elimu ya nafsi imewapa wasomaji sikio la kusikia mnong'ono, nayo ni zawadi isiyodharaulika. Lakini sikio si hukumu. Tabibu wa mchezoni alisikiliza, akaandika alichosikia, akatambua mpaka wa elimu yake. Wengi waliomfuata walimzidi maarifa; wachache walimfikia katika adabu hiyo.