Manowari Pemba, misafara Gonja

Gonja Maore iko mbali na bahari. Nyuma yake kuna milima ya Upare Kusini, pembeni mashamba ya mpunga ya upande wa Ndungu, na mbele nyika ya Mkomazi inayokwenda hadi mpaka wa Kenya. Hata hivyo, katika karne ya 19 bonde hili lilikuwa njia kuu ya watu wa pwani. Msafara uliotoka Pangani ulipanda na mto hadi Korogwe na Mazinde, ukaingia bonde la Mkomazi, ukapumzika Gonja na Kisiwani, kisha ukashika njia ya Taveta na Kilimanjaro. Ulipanda na merikani, kaniki, shanga, bunduki na baruti. Ulishuka na pembe za ndovu, na ulishuka na watu.

Ndiyo maana habari za manowari za Waingereza zilizowinda majahazi ya watumwa zinatuhusu sisi wa milimani kama zinavyowahusu watu wa Pemba. Tumezoea kuisoma kama hadithi ya baharini: manowari ikatokea, jahazi likakamatwa, minyororo ikafunguliwa. Hadithi hiyo ina nusu ya pili, na nusu hiyo ilipita nchi kavu.

Doria zilianza na mikataba. Mwaka 1822 Kapteni Fairfax Moresby alitia saini na Sultani Sayyid Said mkataba wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Mkataba wa 1845 ulipiga marufuku kuwasafirisha kutoka Afrika kwenda Uarabuni, lakini ukaacha wazi maji ya Sultani mwenyewe, kutoka Kilwa hadi Lamu. Kwa hiyo kazi ngumu ya manowari ikawa kaskazini, huko kwenye pwani kame ya Wasomali, Barawa hadi Ras Hafun, na ng'ambo yake pwani ya Oman ambako majahazi yalikuwa yakielekea Sur na Muscat. Pepo za kusi zikianza kuvuma Aprili, majahazi yalitweka matanga kwenda kaskazini, nazo manowari zilikuwa zimetangulia kuyasubiri.

Ilikuwa doria ya kuchosha. Ufuko ni mchanga na miamba, bandari hakuna, maji ya kunywa ni shida, na wakati wa kusi mawimbi yanapasuka kwa nguvu ya kutisha. Nahodha aliyeona moshi wa manowari nyuma yake alikuwa na hila moja: kulielekeza jahazi moja kwa moja ufukoni. Likipasuka, yeye na mabaharia wake waliogelea, wakawaswaga waliosalia hai kuelekea bara, na waliozama wakaachwa. Kapteni George Sulivan, aliyeongoza manowari ya Daphne pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1860, aliona mambo hayo na kuyaandika katika kitabu alichokichapisha mwaka 1873. Zipo pia picha zilizopigwa juu ya Daphne mwaka 1868. Watoto na vijana wameketi kwenye sitaha wamekunja magoti, mbavu zinahesabika, wengine hawana nguvu ya kuinua kichwa. Mtu akiziangalia picha zile vizuri hawezi tena kusema biashara hii ilikuwa ya kawaida ya zama zake, neno ambalo bado linasikika.

Lakini manowari zilikosea pia, na walioumia kwa makosa hayo walikuwa Waswahili. Kama jahazi halikukutwa na watumwa, maofisa walitafuta dalili: mbao za ziada za kutandika sakafu ya pili, masufuria makubwa kupita mahitaji ya mabaharia, mapipa ya maji mengi mno. Mabaharia wa Kiingereza walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyeokolewa na kwa tani za jahazi lililoharibiwa. Tamaa ikaingia. Majahazi ya wafanyabiashara halali yalichomwa moto baharini, na mwenye mali akabaki na madai tu mkononi. Malalamiko yalifika London, na makapteni wakaagizwa kupeleka mashauri mahakamani Unguja badala ya kuhukumu wenyewe.

Tarehe 5 Juni 1873, chini ya shinikizo la Balozi John Kirk na tishio la kuzingirwa na manowari, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini kokote. Mwaka uliofuata Waingereza walileta manowari kuukuu, London, iliyopigana vita vya Crimea, wakaitia nanga mbele ya mji wa Unguja. Ilikaa hapo hadi 1883 ikiwa kambi inayoelea, huku mashua zake zikizunguka visiwani mchana na usiku.

Hapo ndipo mzigo ulipohamia nchi kavu. Kapteni Frederic Elton, aliyetumwa na Kirk kukagua njia za pwani kusini mwa Dar es Salaam, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliompita kwa miguu wakielekea kaskazini katika mwezi mmoja tu, kati ya Desemba 1873 na Januari 1874. Mwaka 1876 Barghash alikataza hata misafara ya watumwa ya nchi kavu, lakini amri yake ilikuwa na nguvu pale tu maliwali wake walipotaka iwe nazo.

Na wateja walikuwa karibu kuliko zamani. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, bei ya karafuu ikapanda, na Pemba iliyosalimika ikahitaji mikono. Pangani nako mashamba ya miwa yalikuwa yakitanuka kandokando ya mto. Kumpeleka mtu Oman kulihitaji jahazi kubwa na msimu mzima wa kusi. Kumvusha kutoka Pangani hadi Pemba kulihitaji dau na usiku mmoja wa giza. Kumtumikisha Pangani kwenyewe hakukuhitaji chombo chochote, na manowari haikuwa na la kufanya.

Upare ulikuwa upande wa pili wa njia hiyo. Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Usambara ambaye mkono wake uligusa sehemu za Upare Kusini, alifariki mwaka 1862, na wanawe na wajukuu wakaanza kupigania kiti. Mwanawe Semboja aliweka makao Mazinde, chini bondeni, mahali ambapo kila msafara ulipaswa kupita. Alipata bunduki kutoka pwani, na bunduki zililipwa kwa mateka. Kule milimani wakuu wetu wenyewe waliingia katika biashara hiyo: mwenye deni, mgomvi, mtoto asiye na ndugu wa kumtetea, wote waliweza kushushwa Gonja. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu aliyekusanya simulizi za wazee na kutoa historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, alionyesha jinsi biashara ile ilivyozibomoa himaya ndogondogo za Upare kutoka ndani. Inauma kusema, lakini wageni peke yao wasingeweza kuwapata watu waliojificha kwenye miteremko ile. Katikati ya miaka ya 1880 njaa ilipoishika nchi ya nyuma ya pwani, ikawa ni watu kuwekwa rehani kwa chakula, na rehani nyingi hazikukombolewa.

Mpaka wa nguvu za manowari ulionekana wazi zaidi tarehe 3 Desemba 1881. Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa London, alikuwa kwenye mashua ya mvuke na watu wachache karibu na Pemba alipoliona jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Ufaransa ilikuwa haikubali vyombo vyenye bendera yake kupekuliwa na Mwingereza, na manahodha wa Sur waliijua fursa hiyo. Brownrigg alisogea ili kuhakiki tu karatasi. Ndani walikuwamo watumwa wapatao 100, na nahodha wao, Hindi bin Hattam, alikuwa amewaficha watu wenye bunduki. Walifyatua kwa pamoja, mabaharia wakaangukia majini, na Brownrigg akapigana peke yake hadi akauawa. Lloyd Mathews aliongoza askari wa Sultani kumsaka Hindi kisiwani Pemba, na Hindi akafa kwa majeraha. Kaburi la Brownrigg liko kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Suala la bendera lenyewe liliamuliwa The Hague mwezi Agosti 1905, wakati biashara ilikuwa imekwisha kufifia.

Waliookolewa walipelekwa wapi? Aden, Bombay, Seychelles, baadaye Mbweni kule Unguja na Freretown ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1875. Wengi walisomeshwa, wakabatizwa, wakapewa majina mapya. Kurudishwa walikotoka halikuwa jambo la mpango. Mtoto wa Upare aliyekamatwa kwenye mlango wa Pemba alipata uhuru, hakupata nyumbani.

Wajerumani walipotaka kuitwaa pwani mwaka 1888, Pangani ilikuwa ya kwanza kuasi, chini ya Abushiri bin Salim. Kuanzia Desemba manowari za Ujerumani na Uingereza ziliizingira pwani kwa pamoja, na sababu iliyotangazwa ikawa ile ile: kuzuia watumwa na silaha. Safari hii doria ilifungua njia ya utawala. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliichukua Pangani Julai 1889, Abushiri akanyongwa hapo hapo Desemba, na reli iliyoanza Tanga ikapita Same na kufika Moshi mwaka 1911. Misafara ya Gonja ikafa.

Utumwa haukufa nayo. Zanzibar iliondoa hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja na kutangaza kuwa watoto watakaozaliwa baada ya 1905 ni huru, lakini hawakuufuta. Aliyeufuta Tanganyika ni Mwingereza, mwaka 1922. Mtoto aliyeshushwa kutoka Gonja na kuachwa rehani Pangani mwaka wa njaa, kama alikuwa bado hai, sheria ilimkuta anakaribia miaka 50.