Ukaguzi wa kila siku wa kreni ya cheni
Ni uchunguzi unaofanywa na opereta kabla ya zamu, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiunguruma bila mzigo. Waya wa chuma ndio unaodai subira kuliko vyote: kwa kanuni za Marekani, nyuzi 6 zilizokatika katika mzunguko mmoja wa msokoto zinatosha kuutoa kazini. Ndoano, breki, oili na grisi hufuata. Wilayani Kibiti, iwe Mchukwi au kwenye tope la delta ya Rufiji, ardhi yenyewe hukaguliwa, hasa baada ya mvua. Cheni moja ya kutembelea ikididimia, mkono wa kreni huvutwa pembeni na uwezo wa kuinua hupungua sana. Tanzania Bara, usalama wa kazi hii uko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).