Jina Juu ya Picha: Mbwa wa Wafalme na Wachoraji Wao

Katika uchoraji wa Ulaya mbwa ameonekana tangu zamani, ila kwa muda mrefu alikuwa pambo tu: alilala miguuni pa bibi, alifuata farasi wa mwindaji, au aliokota mifupa chini ya meza ya karamu. Mnamo mwaka 1548 Antonio Zantani, mwungwana wa Venezia, alimwagiza Jacopo Bassano amchoree mbwa wawili wa mawindo peke yao, pasipo mtu. Picha hiyo, iliyomo leo katika jumba la Louvre mjini Paris, huhesabiwa miongoni mwa za kwanza barani humo zilizomfanya mbwa kuwa mwenye picha. Hata hivyo wawili hao hawakuandikiwa majina.

Hatua iliyofuata ilipigwa Ufaransa. Mfalme Louis XIV aliwapenda sana mbwa wake wa kuwindia ndege. Aliwatengea chumba Versailles, akawalisha kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1702 François Desportes (1661-1743) aliwachora kwa ajili ya jumba la Marly. Mchoraji huyo alizoea kumfuata mfalme porini, akinakili papo hapo mikao ya wanyama. Katika picha mojawapo wamo Bonne, Nonne na Ponne, wakiwa wamewakabili kwale, na majina yao yameandikwa kwa herufi za dhahabu. Jean-Baptiste Oudry (1686-1755) aliishika desturi hiyo alipowachora mbwa wa Louis XV, kama vile Misse na Turlu mwaka 1725.

Herufi hizo chache zastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. "Mbwa" ni nomino ya kawaida, nayo humtaja yeyote wa jinsi hiyo. "Ponne" ni nomino ya pekee: humtaja mmoja aliyezaliwa, akaitwa, akaitika, akafa. Pasipo jina, mtazamaji huona aina ya mnyama. Jina likiwapo, humwona aliyekuwa na bwana wake na siku zake.

Huko Uingereza Edwin Landseer (1802-1873) aliiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1836 alimchora Dash, mbwa mdogo wa Victoria, ambaye alirithi kiti cha enzi mwaka uliofuata. Mwaka 1841 alimchora Eos, mbwa wa Prince Albert, mume wa malkia. Albert mwenyewe hayumo. Zimo kofia yake, glavu zake na fimbo yake, na Eos amesimama kana kwamba anangoja. Picha ya mbwa imekuwa njia ya kumsimulia bwana asiyeonekana. Basi sifa ya jina lile humrudia anayelitoa.

Hapo ndipo historia hii inapomgusa Mwafrika. Mnamo mwaka 1682, miaka ishirini kabla ya Bonne, Nonne na Ponne, Pierre Mignard alimchora Louise de Kéroualle, Mfaransa aliyekuwa kimada wa mfalme wa Uingereza Charles II. Kando yake yupo msichana mweusi, amevaa mkufu wa lulu, mikononi ameshika kombe lililojaa lulu na tawi la marijani. Bibi amemwekea mkono begani. Picha hiyo imehifadhiwa London, na anwani yake humtaja bibi kwa jina na cheo, kisha humwita msichana mhudumu asiyejulikana. Uso wake ulichorwa kwa uangalifu mkubwa. Jina lake halikuonekana kuwa lahitaji wino.

Si haki kuwalaumu mbwa, wala wachoraji hao hawakukosea kuona kwamba kila kiumbe ana sura yake. Lakini picha hizi, zikiwekwa pamoja, zinafundisha kwamba ustadi wa mkono pekee haumtoi mtu katika usahaulifu. Mwenye kuagiza picha ndiye aliyeamua nani aitwe na nani aangaliwe tu. Msichana yule naye alikuwa na jina, na palikuwapo mtu aliyemwita kwalo kabla hajafika mbele ya Mignard.